Upande wa Pili wa Kanda

Juni ikiingia, Mbinga huvaa sweta. Ukungu hulala juu ya mibuni hadi jua lipande, wachumaji huvuna kahawa nyekundu huku vidole vimekufa ganzi, na jioni, kahawa ikishamenywa, ikaoshwa na kutandazwa chanjani, redio kaseti hutolewa chumbani na kuwekwa dirishani. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa msimu wa muziki katika milima ya Umatengo, kwa sababu ndio uliokuwa msimu wa fedha. Aliyelipwa kahawa alinunua bati, sare za watoto, chumvi, na kanda.

Msikilizaji anayezungumzwa hapa alianza kukusanya kanda zake nyakati hizo. Ni mkulima, na ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya kigango. Ana sanduku la mbao lenye kanda, santuri chache na CD, na juu yake mkewe ametandika kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Hajaandika neno lolote kuhusu muziki maishani mwake. Lakini ukikaa naye barazani atakupa hukumu ya kila albamu iliyomo, na hukumu hiyo haihusu wimbo mmoja mmoja. Ukimuuliza wimbo, atakujibu upande. "Upande wa kwanza umesimama. Wa pili umelala." Akishasema hivyo hajadiliani tena, mpaka na wewe uwe umesikiliza pande zote mbili.

Kusikiliza albamu nzima, tangu mlio wa kwanza hadi ukimya wa mwisho, bila kuruka wimbo na bila kuurudia ule unaoupenda, ni ufundi. Unastahili kusifiwa kama unavyosifiwa ufundi wa kuchonga mtumbwi kule Liuli au wa kuonja kahawa na kutaja mlima ilikotoka. Nao, kama ufundi wowote, una mahali pa kujifunzia.

Yeye alijifunzia kanisani. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, mwaka uliofuata wakawa Kigonsera, na mwaka 1914 wakaanza Litembo. Jimbo Katoliki la Mbinga likaundwa mwaka 1986. Upande wa Ziwa Nyasa wamisionari Waanglikana wa UMCA walikuwa wameshatia nanga na nyimbo zao. Katika nchi kama hiyo mtoto hukua akijua kwamba wimbo una mahali pake. Bwana Utuhurumie hauimbwi baada ya Mtakatifu. Wimbo wa matoleo una mwendo wa miguu, maana watu wanatembea. Wa komunyo una utulivu, maana watu wamepiga magoti. Wa kutokea hufungua milango na kuwarudisha watu kwenye jua. Mwalimu wa kwaya anayekaa Jumamosi jioni na daftari lake, akichagua nyimbo za kesho, anafanya kazi ileile ya mtayarishaji wa albamu studio. Anapanga. Wimbo mzuri ukiwekwa pasipo pake huharibika, na wimbo wa kawaida ukipewa nafasi yake huinuka hadi watu wakauliza nani kautunga.

Neno albamu lenyewe lilitokana na upangaji. Zamani za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika tatu au nne tu. Kazi ndefu ilihitaji sahani kadhaa, nazo zilitiwa katika mifuko iliyojalidiwa pamoja, mfano wa kitabu cha kuhifadhia picha. Ndipo jina likahama. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri ya mizunguko 33 na theluthi, yenye nafasi ya dakika ishirini na kitu kila upande. Wanamuziki wakapata uwanja mpana, na pamoja nao wakapata maswali ambayo hawakuwa nayo. Kipi kianze? Kipi kifunge upande? Na msikilizaji akiinuka kwenda kuigeuza santuri, aondoke na nini masikioni?

Kwetu maswali hayo yalichelewa. Bendi za dansi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, santuri zikapigwa chapa Nairobi, na nyingi kati yake zilikuwa ndogo, za mizunguko 45. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Unasikiliza sehemu ya kwanza, yenye kisa na mafundisho, sauti inafifia, unainuka, unageuza, sehemu ya pili inakupokea na magitaa, saksafoni na chemko. Hivyo ndivyo watu walivyozipokea nyimbo za NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, na za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa hajatimiza miaka 35. Msikilizaji wa Mbinga hausikitikii mkato ule. Anasema mtu aliyeinuka kwa miguu yake kwenda kugeuza santuri ameonyesha kwamba anataka kusikia, na mwenye kutaka kusikia hapotezi neno.

Kisha ikaja kanda. Philips waliitoa mwaka 1963, na ilipofika vijijini ilibadilisha kila kitu. Kanda ya C60 ina dakika 30 kila upande. Ndani yake kuna utepe wa mita themanini na kitu, unaopita kwenye kichwa cha redio kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Kuusogeza utepe huo mbele kwa mashine kunakula betri, na betri zilikuwa ghali. Zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Kwa hiyo kalamu ya Bic ikapata kazi ya pili. Ile yenye pembe sita huingia kwenye tundu la kanda sawasawa, meno ya gurudumu yakaishika. Ukiizungusha kwa mkono, kanda hurudi mwanzo bila kugusa betri. Watoto walipewa kazi hiyo, nao waliifanya kwa kushindana, kanda ikivuma kama nyuki mkononi. Katika hali hiyo nani angeruka wimbo? Uliusikiliza hata ule usioupenda, na mara ya kumi ukagundua kwamba ndio uliokuwa ukiushikilia upande mzima.

Hapo zilitoka hukumu zake nyingi, na ya kwanza anayopenda kuitoa ni juu ya Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, kundi la ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Wimbo wao Sina Makosa unajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria harusi Afrika Mashariki. Watu husifu sauti. Yeye husifu gitaa zito la Tom Malanga. Kwake, besi pale inaimba: inauliza, inasubiri, inajibu, na magitaa mengine yanajipanga juu yake kama kuku juu ya boriti. Mwimbaji wa besi wa kwaya, ambaye kwa miaka mingi ameshika noti moja huku soprano wakipewa maua yote, anasikia haki imetendeka.

Kwa sikio hilohilo ndivyo alivyoipokea Kind of Blue ya Miles Davis. CD hiyo aliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi Ulaya, naye mkulima hakujua lolote kuhusu jazi ya Marekani. Ilirekodiwa New York kwa vikao viwili tu, Machi na Aprili 1959, na ina nyimbo tano. Wimbo wa kwanza unaanza na piano na besi zikinong'ona kama watu walioingia chumbani kwenye mgonjwa. Halafu besi inatoa wito, na wenzake wanaitikia kwa noti mbili. Wito, noti mbili. Wito, noti mbili. "Wanaitikia Amina," alisema siku ya kwanza, akainua kidole mtu asiongee. Hukumu yake ni kwamba albamu ile haina wimbo wa kuonyesha ujuzi. Mafundi saba wanapokezana nafasi na kila mmoja anaacha kitu bila kukisema. Anaisikiliza jioni tu. Asubuhi, anasema, inamchelewesha shambani.

Ukimya ndio kipimo chake kikubwa. Albamu isiyoacha nafasi tupu haimkai. Akieleza jambo hili hunyosha mkono kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba, kwenye ngoro. Mmatengo akilima ngoro, nyasi hufyekwa na kulazwa kwanza kwa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi zile hadi ziwe matuta. Maharage na mahindi huota juu ya tuta, lakini shimo ndilo linaloukoa mlima: hushika maji ya mvua, udongo usiteremke kwenda mtoni. Asiyejua huona mashimo yasiyopandwa kitu.

Chibite ya Hukwe Zawose, iliyotoka mwaka 1996, imelimwa hivyo. Zawose alikuwa Mgogo wa Doduma, mkoani Dodoma, mwalimu wa miaka mingi Bagamoyo, na albamu hiyo aliitengeneza na Charles Zawose chini ya kampuni ya Real World ya Uingereza. Vyombo ni ilimba, zeze, njuga na sauti, basi. Sauti yenyewe inashuka hadi kwenye mngurumo wa kifua, halafu ghafla inapanda juu kabisa kama mtoto anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Kati ya mafungu ya ilimba kuna mashimo. Vibao vya chuma vinalia, utando wa buibui uliobandikwa kwenye matundu unatia mkwaruzo ule unaopendwa na Wagogo, kisha mkono unapumzika na wewe unabaki na mwangwi. Msikilizaji wa Mbinga haelewi Kigogo. Anaiweka Chibite juu ya karibu kila kitu kilicho sandukuni, na ukibisha atakuuliza kama umewahi kuisikiliza taa ikiwa imezimwa.

Real World hao hao ndio waliotoa albamu mbili za Remmy Ongala, na hapa hukumu inagawanyika. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 Mambo. Ya kwanza, kwa sikio la Mbinga, haina doa. Magitaa yanasokotana kama ukili, hakuna linalomzidi mwenzake, na Remmy anaimba na kuhubiri kwa Kiswahili chake chenye Kongo ndani yake, akimsemea mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Katika ya pili aliingiza Kiingereza, ili wapenzi wake wa Ulaya wamwelewe. Mtu hawezi kumlaumu kwa kutaka kueleweka. Lakini uzito ulipungua. Remmy alikuwa bingwa wa maneno yanayochomwa polepole. Katika lugha ya kukopa alibaki na kaulimbiu. Alifariki Desemba 2010, kituo cha daladala Sinza kikiwa bado kinaitwa kwa jina lake, na sandukuni mwa mkulima yule kanda ya kwanza imefutika maandishi kwa kushikwa, ya pili bado inang'aa.

Taarabu imepewa nafasi ndogo sandukuni, lakini ya heshima. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na mwaka 2005 albamu ya kuadhimisha miaka 100 yake ilifungua mfululizo wa albamu za Zanzibara. Vinanda vinaingia kama watu wa kwao, kila mmoja akisalimia kwa zamu, na mwimbaji haingii mpaka nyumba imejaa. Watu wa milimani, waliozoea ngoma inayoanza na kishindo, hujifunza kitu hapo.

Kuhusu nyimbo za ibada ana mengi, kwa kuwa hapo yuko nyumbani. Misa Luba ilirekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, iliyoundwa na padre Mbelgiji Guido Haazen. Kilatini cha Misa kiliingizwa katika mitindo ya kuimba ya Kongo, na santuri ikazunguka dunia. Miaka michache baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifungulia mlango rasmi kazi ya namna hiyo. Katiba ya Liturujia ilitolewa Desemba 1963. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mtu wa Ruvuma, alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Alitetea kwa hoja za kisheria na za kimuziki kwamba Mbantu anaweza kumsifu Mungu kwa mizani yake mwenyewe, naye alitunga Misa kuonyesha anachokisema. Leo kigelegele kikipigwa kwenye Utukufu hakuna anayeshtuka. Msikilizaji huisikiliza Misa Luba akiwa amevua kofia. Lakini anatoa kasoro moja: santuri inaweka sehemu za Misa bega kwa bega, na Misa haiendi hivyo, kwa kuwa kati ya Utukufu na Nasadiki kuna masomo na mahubiri. Anachofanya yeye ni kuzima mashine baada ya Utukufu, kukaa kidogo, kisha kuiwasha tena.

Mwaka 2001 uliingiza sandukuni kanda mbili ambazo hazikutegemewa. Ya kwanza ni Maria Salome ya Saida Karoli, binti wa Kagera aliyeimba kwa Kihaya na kununuliwa na nchi nzima. Kutoka Bukoba hadi Mbinga ni kuivuka Tanzania yote, na neno la Kihaya halina jamaa wa karibu katika Kimatengo. Hata hivyo sauti ile ilieleweka. Inapasuka kidogo kwenye ukingo, kama chungu kilichochomwa vizuri ukikigonga kwa kucha, na haifichi mpasuko huo.

Ya pili ililetwa na mpwa wake. Ilikuwa Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, na mjomba aliipokea kwa shingo upande. Alikuwa ameusikia muziki wa kufokafoka redioni tangu redio binafsi zilipoanza kushamiri katikati ya miaka ya 1990, akauona ni kelele za vijana wa mjini. Jina la msanii lilimfanya akae chini: Joseph Haule. Haule ni jina linaloitwa kila siku katika madaftari ya mahudhurio ya Mbinga na Ludewa. Akakubali kusikiliza, kwa sharti lake lilelile: pande zote mbili.

"Shikamoo mjomba. Umeisikiliza?" mpwa aliuliza wiki iliyofuata.

"Marahaba. Nimeisikiliza mara nne."

"Enhe?"

"Huyu anajua kukaa na maneno. Kiitikio chake anampa msikilizaji akiseme mwenyewe, kama mwalimu wa katekisimu."

Alikuwa akisema juu ya Ndio Mzee, kibao ambamo mwanasiasa anamwaga ahadi jukwaani na umati unaitikia kila ahadi kwa utii. Ufundi wa kibao hicho ni kwamba kicheko kinamgeukia anayeitikia. Albamu nzima, iliyotayarishwa na P-Funk Majani wa Bongo Records, ina mwendo wa mtu anayezungumza na mtaa wake, nyumba kwa nyumba. Mwaka 2015 Haule mwenyewe alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi. Mjomba hana maoni juu ya ubunge huo. Ana maoni juu ya kanda, nayo imesimama upande wa kwanza na wa pili.

Hana huruma hiyo kwa kila kipya. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2018, ina sauti nzuri na wageni wakubwa kama Ne-Yo na Rick Ross. Lakini nyimbo zake nyingi zilikuwa zimeshatoka moja moja, zimeshachezwa, zimeshazoeleka, kabla hazijakusanywa. Kila chumba ni kizuri, ila nyumba haikuchorwa. Msikilizaji ambaye hatakubaliana na hukumu hiyo ana haki, mradi ameisikiliza yote kwa mpango wake.

Mpango wenyewe ndio unaopotea. Kwenye vibanda vya sokoni Mbinga mtu hulipia nyimbo ziingizwe kwenye memori kadi, na simu huzipanga kwa alfabeti. Siku moja mpwa alikuja na Exodus ya Bob Marley ndani ya simu. Marley aliitengeneza London, baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi Desemba 1976, na ilitoka mwaka 1977. Ni albamu iliyopangwa kwa makusudi makubwa. Upande wa kwanza una unabii, dhambi na safari ya kutoka utumwani. Upande wa pili una ngoma, mapenzi na faraja. Simu ya mpwa ilianza na Exodus, kwa sababu ya herufi E, na ingeishia Waiting in Vain, kwa sababu ya W. Katikati, baada ya Jamming, ikafika zamu ya Natural Mystic. Huo ndio wimbo wa kwanza wa albamu, na unaanza kwa mbali sana, sauti ikija polepole kama mashua usiku. Mpwa akaitikisa simu, akapandisha sauti.

"Mjomba, spika imekata."

"Haijakata, mwanangu. Huyo ni mtu wa mlangoni, ninyi mmemkuta jikoni."

Wakaipanga upya pale pale, kijana akiandika namba mbele ya jina la kila wimbo, mzee akimtajia kwa kichwa. Ilichukua dakika kumi. Waliisikiliza mpaka mwisho, giza likiwa limeshaingia.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, kilomita sitini na kitu za kona na mteremko, na sweta huvuliwa njiani. Chini kuna joto, dagaa wanaanikwa mchangani, na upepo wa mwera ukiamka mitumbwi hukaa nchi kavu. Redio za huko hushika Malawi bila taabu, kwa hiyo sikio la ziwani limelelewa na nchi mbili. Kaskazini, karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu, ndiko Lituhi alikozikwa Kapteni John Komba mwaka 2015. Wengi wanamkumbuka kwa majukwaa ya siasa, naye alikuwa mbunge wa eneo hili. Mkulima wa Mbinga anamkumbuka kwa Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alipofariki, nyimbo za maombolezo za Tanzania One Theatre chini ya Komba zilipigwa redioni usiku na mchana, mfululizo, hadi nchi nzima ikawa inasikiliza kazi moja kwa wakati mmoja. Hazikuwa na jalada wala upande wa kwanza na wa pili. Lakini zilikuwa na mpango: taarifa, kilio, sifa, swali la nani atashika, kisha ahadi. Yeye huzihesabu kama albamu bora ya kwaya iliyowahi kufanywa Tanzania, na hapa mwandishi wa insha hii anakubaliana naye kabisa.

Kuna albamu nyingine ambayo mkulima yule ameisikiliza mara nyingi kuliko zote na hana nakala yake. Ni mganda. Ngoma hii ya wanaume wa mwambao ilikua baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vita iliyofika ziwani hapa mapema: Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo Liuli, iliyoitwa wakati huo Sphinxhafen. Gwaride la askari likageuzwa kuwa dansi. Wachezaji huvaa nadhifu, hujipanga kwa safu, na husonga kwa hatua fupi zilizopimwa, magoti yakikunjwa pamoja, ngoma kubwa ikiwatawala. Wanawake wana kioda chao, chenye duara na sauti zao. Mganda hauna wimbo wa pekee. Kuna kuingia uwanjani, kuna salamu, kuna nyimbo za kisa na za kushindana na kijiji cha jirani, kuna kupumzika, kuna kutoka. Watu wakipiga picha za simu huchukua dakika moja ya katikati, pale vumbi linapopanda. Wanaacha kuingia, wanaacha kutoka, wanaacha ule ukimya mfupi kabla ngoma kubwa haijapigwa mara ya kwanza, ambao kwa mkulima yule ndio mganda wenyewe.

Kwa hiyo kijana wa Lituhi, Liuli, Kihagara au Mbamba Bay mwenye simu yenye nafasi na betri iliyojaa, aombwe jambo moja. Mganda wa kijiji chako ukitangazwa, fika mapema. Bonyeza kurekodi kabla wachezaji hawajaingia uwanjani, iache simu itulie mahali pamoja, usiizime watu wakipumzika, na usiizime mpaka mtu wa mwisho kwenye safu awe ametoka. Kisha uandike tarehe, jina la kijiji na majina ya nyimbo kwa mpango zilivyoimbwa. Mlimani kuna mtu ameshaandaa nafasi sandukuni.